Skrini inaandika kilomita 41, Posta nafika na 8: je, betri ya gari langu imekufa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimeagiza Mitsubishi Outlander PHEV, yaani haibridi ya kuchaji yenye betri kubwa ya umeme na injini ya petroli, ya mwaka 2014 kutoka Japani. Tangazo lilisema inatembea kilomita 60 kwa umeme mtupu. Naishi Kimara, kazini ni Posta, kama kilomita 16. Nachaji usiku hadi inajaa, asubuhi skrini inaandika 41 au hapo karibu. Nikifika ofisini imebaki 8, na jioni injini inawaka hata Magomeni sijafika. Lakini Jumapili nawahi ibada ya kwanza hukohuko mjini, naenda na kurudi bila injini kuwaka. Kinachonichanganya zaidi, Jumatatu inaandika 43, Ijumaa inaandika 31, na betri imejaa vilevile. Fundi mmoja ameniambia betri kubwa imekufa, nitafute nyingine. Niamini kipi?

Jibu: Dada yangu, usinunue betri. Angalau si sasa, na si kwa ushahidi ulio mkononi. Maelezo yako yenyewe yanaitetea hiyo betri: gari lilelile, likiwa limejaa vilevile, Jumatatu linaandika 43 na Ijumaa 31. Betri haichakai Ijumaa ikapona Jumatatu. Kinachopanda na kushuka hapo ni makadirio ya kompyuta, na makadirio hayo yana namna yake ya kukosea katika jiji kama letu. Kwamba betri ya 2014 imepungua, sina shaka. Imepungua kiasi gani ndilo la kupima, na kipimo cha kwanza utakifanya mwenyewe kwa mita yako ya LUKU.

Tuanze na hiyo namba ya kwenye skrini. Gari halina kifaa chochote kinachopima kilomita zilizobaki. Linajua vitu viwili: umeme uliobaki kwenye betri, na huo nao ni kwa kukadiria, halafu wastani wa umeme lililotumia kwa kila kilomita katika safari za karibuni. Linagawanya cha kwanza kwa cha pili, basi, limekuandikia jibu. Ni kama kukadiria gunia la mchele litaisha lini kwa kuangalia mlivyokula wiki iliyopita: wageni wakiingia leo, hesabu imeharibika, na gunia halina kosa. Jumapili umekwenda mjini barabara ikiwa tupu, kompyuta ikaona unatumia kidogo, Jumatatu ikakuahidi 43. Baada ya siku nne za foleni imeshajifunza kwamba unatumia zaidi, ndiyo maana Ijumaa imeshuka hadi 31.

Sasa mbona hata hiyo 31 haifiki? Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, naomba unifuatilie kwa makini kwenye hesabu. Yuniti moja ya LUKU ni kifaa cha kilowati 1 kikiwaka saa 1. Betri yako ilipokuwa mpya iliandikwa yuniti 12, lakini kompyuta haikuruhusu kuzitumia zote. Sehemu ya chini inabaki akiba ili betri isiharibike na injini isaidiwe kuwaka. Kwa gari la umri huo, tuseme una yuniti 7 za kutumia. Kulisukuma gari lenye uzito wa karibu tani 1.8 kwa mwendo wa mjini, bila kiyoyozi, kunahitaji takriban yuniti 16 kwa kilomita 100. Gawanya 7 kwa 16, zidisha kwa 100, unapata 44. Unaona? Namba yako ya Jumatatu imetokea yenyewe.

Lakini kiyoyozi hakili umeme kwa kilomita. Kinakula kwa saa. Kwa joto la Dar na unyevu wake, kiyoyozi cha gari la ukubwa huo hutumia kilowati 1 hadi 2 kutegemea umekiweka nyuzi ngapi na gari limepigwa jua kiasi gani. Tuchukue 1.5. Ongeza kompyuta, feni, taa na redio, 0.3 nyingine. Sasa umetoka Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Posta umefika robo kasoro saa mbili: saa moja na robo. Kusukuma gari kilomita 16 kumekula yuniti 2.6. Kiyoyozi kimekula 1.9. Vidogovidogo vimekula 0.4. Jumla karibu 4.9 kati ya 7. Kwa mwendo huo, gari lililojaa lingekutembeza kilomita 23 tu, si 41, na betri haina ugonjwa wowote.

Chukua safari hiyohiyo Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, dakika 25. Kiyoyozi kinapata dakika 25 tu za kula, hata nusu yuniti haifiki kwa sababu hata jua bado. Ndiyo maana unakwenda na kurudi. Barabara ni ileile na kilomita ni zilezile. Kilichobadilika ni muda uliokaa ndani ya gari, na muda ndicho kitu ambacho hesabu ya kilomita haina mahali pa kukiweka.

Wengi huniambia foleni haiwezi kuwa tatizo kwa gari la umeme, kwa kuwa likisimama halichomi kitu, na ukishika breki linarudisha umeme. Ni kweli kwa upande wa kusukuma gari. Kusimama na kuondoka pale Ubungo hakukugharimu sana kama kwenye gari la petroli. Anayekula wakati umesimama ni kiyoyozi, naye hapumziki.

Unaweza kuliona hili bila kutoka nyumbani. Kesho asubuhi betri ikiwa imejaa, washa gari likiwa limesimama, zima kiyoyozi, soma namba. Kiwashe, subiri kidogo, soma tena. Kwenye Outlander namba itashuka papo hapo kwa kilomita kadhaa. Kompyuta imejua kuna mlaji ameingia, ikakata kiasi inachodhani kinatosha. Isichojua ni kwamba leo kuna ajali Jangwani na utakaa hapo dakika arobaini. Kwa hiyo hata lile punguzo lake ni dogo kuliko uhalisia wetu.

Kuna na mlima pia, ingawa watu wa Dar hatuuhesabu. Kimara iko juu kuliko Posta. Kwa kila mita 100 za kupanda, gari lako pamoja na abiria wake, tani 2 hivi, linahitaji zaidi ya nusu yuniti kwa kuinuka tu. Asubuhi unashuka, jioni unapanda, tena na jua la mchana kutwa limeingia kwenye viti na dashibodi. Safari ya jioni siku zote itakula zaidi ya ile ya asubuhi. Na kwa kuwa unatoka nyumbani betri ikiwa imejaa kabisa, mteremko wa mwanzo haukupi umeme mwingi wa breki, maana betri iliyojaa haina pa kuuweka.

Kuhusu ile 60 ya kwenye tangazo, muuzaji hakuitunga. Outlander ya kwanza iliandikwa Japani kilomita 60.2 kwa kipimo cha JC08. Kipimo hicho kilifanyika maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya mashine, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa, bila kuzidi 81.6, na kiyoyozi kimezimwa. Ulaya, kwa kipimo chao cha wakati ule, waliliandikia kilomita 52. Lilipouzwa Marekani likiwa bado na betri ya yuniti 12, mamlaka ya huko ililiandikia maili 22, yaani karibu kilomita 35, kwa sababu wao hukata matokeo ya maabara ili kufidia kiyoyozi, baridi na mwendo wa kasi. Betri ya ukubwa uleule imepewa 60, 52 na 35. Wenye Toyota Prius PHV ya kizazi cha pili, nayo haibridi ya kuchaji, ile ya betri ya yuniti 8.8, wasicheke: Japani iliiandikia 68.2, Marekani maili 25, yaani 40. Mtu akiniuliza anunue kwa kufuata namba gani, namwambia ya Marekani, kisha atoe tena kwa ajili ya umri wa betri na foleni yetu.

Wala Waafrika hatuko peke yetu katika kudanganyika na karatasi. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa ripoti ya magari yaliyosajiliwa mwaka 2021, kwa takwimu zilizosomwa ndani ya magari yenyewe. Haibridi za kuchaji zilikuwa zinatoa hewa ya kaboni barabarani kwa wastani mara 3.5 ya ile iliyoandikwa maabara. Sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawachaji wala hawatembei kwa umeme kiasi ambacho wapimaji walidhania. Mimi lawama yangu ni kwa watengenezaji: umeme uliobaki wanaujua, wastani wanaujua, lakini wanampa dereva namba moja yenye sura ya uhakika. Wangeandika yuniti zilizobaki, au wangetaja kati ya kilomita 23 na 41, usingelala na mawazo ya kununua betri.

Kwa hiyo acha kusoma kilomita. Soma ile mistari ya ujazo wa betri, na ujue safari yako ya siku za kazi inakula sehemu gani: asubuhi karibu theluthi mbili, jioni zaidi ya hapo. Ukijumlisha, zinahitajika zaidi ya yuniti 10 na wewe una 7. Hakuna ufundi wa kukanyaga mafuta utakaoziba pengo hilo. Kinachoziba ni soketi ya ofisini. Kama jengo lina maegesho yenye umeme, saa mbili au tatu za chaji mchana zinatosha kukurudisha Kimara bila injini. Zungumza na msimamizi wa jengo, lipia yuniti zako kwa mwezi, si hela nyingi ukilinganisha na petroli. Kama haiwezekani, kubali kwamba jioni injini itawaka, na usilichukulie kuwa ni gari bovu. Lilitengenezwa hivyo.

Kiyoyozi usikizime ukaungua ndani ya gari, sipendekezi hivyo. Kiweke nyuzi 25 badala ya 18, funga hewa ya nje isiingie, na jioni fungua milango au madirisha dakika mbili hewa ya moto itoke kabla hujakiwasha. Asubuhi, lipoze gari likiwa bado kwenye waya wa chaji, ili kazi kubwa ya kwanza ilipwe na LUKU badala ya betri. Egesha kivulini. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibati cha mlango wa dereva. Kitufe cha SAVE kinaweza kukusaidia sehemu barabara ilipo wazi, ili umeme ubaki kwa ajili ya foleni ya mjini. Faida yake ni ndogo, lakini ipo. Kile cha kuchaji betri kwa injini usikizoee: kuchoma petroli utengeneze umeme, uuhifadhi, kisha uutumie, kila hatua inapoteza.

Ukiona injini imewaka na betri bado ina umeme, nalo si lazima liwe ubovu. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kulipita lori, itawaka kusaidia. Ukikaa kama miezi mitatu bila kuongeza petroli ya kutosha, gari lenyewe huwasha injini ili mafuta yasikae tangini yakaharibika. Nenda sheli mara mojamoja, hata kama huhitaji.

Sasa kipimo cha betri. Usiku mmoja usichaji. Andika yuniti zilizobaki kwenye mita saa nne usiku, andika tena saa kumi na moja alfajiri. Tofauti hiyo ni ya friji, feni na taa za nje. Siku inayofuata tumia gari hadi umeme wote uishe na injini iwake, kisha usiku lichaji hadi lijizime lenyewe, ukiandika mita saa zilezile. Ukitoa zile za friji, kinachobaki ni umeme ulioingia kwenye gari. Rudia usiku mwingine wa namna hiyo, maana friji haili sawa kila siku na umeme ukikatika katikati hesabu imeharibika. Ukiwa na kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, hiyo kazi ni rahisi zaidi.

Outlander mpya ya betri ya yuniti 12 ingevuta karibu 10, kwa sababu ya ile akiba ya chini, na kwa sababu sehemu kama moja ya kumi hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Ukipata 8 hivi, una betri iliyobakiza kama robo tatu ya uwezo wake au zaidi, nayo kwa umri huo ni nzuri. Ukipata 6, imechoka kweli na uanze kuweka akiba ya fedha. Chini ya 5, fundi wako ana hoja.

Ukiwa kwenye hilo zoezi, angalia namna umeme unavyoshuka. Ukishuka haraka lakini taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine, hayo ni matumizi. Ukiwa na nusu, ukapanda kilima kidogo, ghafla ikaanguka hadi karibu sifuri, halafu ukisimama ikapanda tena, hapo mashaka yangu yanahama kutoka kwenye foleni hadi kwenye betri yenyewe. Ndani yake kuna seli 80 zilizoungwa mfululizo. Moja ikidhoofika, zote 79 zinasimama pale inapoishia hiyo dhaifu. Dalili hiyo hukuitaja, na hilo limenifurahisha.

Soketi unayochajia nayo iangalie. Magari haya huja na waya wa Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100 au 200, na sisi tuna 230. Soma kibati cha waya wenyewe. Kama hakijaandika volti 220 hadi 240, usilazimishe kwa adapta, tafuta waya wa soketi zetu za pini tatu. Usichajie ekstensheni ile ya pasi na televisheni. Gari linavuta umeme mwingi saa nne au tano mfululizo, na plagi iliyolegea inayeyuka usiku watu wamelala. Fundi umeme akuvutie waya wa peke yake kutoka kwenye mein swichi, wenye kikata umeme chake, na erthi iliyopimwa. Ukishika plagi baada ya saa moja ukaona inachoma mkono, chomoa.

Halafu rudi kwa fundi aliyesema betri imekufa. Nenda kwa heshima, huenda ana macho mazuri, lakini muulize alipima nini. Kusoma kilomita kwenye skrini si kupima. Mwombe achomeke mashine na akuandikie namba mbili: uwezo wa betri kwa sasa katika Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba), na tofauti ya volti kati ya seli ya juu kabisa na ya chini kabisa, ikisomwa mara mbili, betri ikiwa imejaa na ikiwa karibu kuisha. Betri hiyo ni ya volti 300 na yuniti 12, hivyo ilipokuwa mpya ilikuwa Ah 40. Akikuandikia 30, imebaki robo tatu, na namba hiyo inapaswa kukubaliana na ile uliyoipata kwa LUKU. Zikipishana sana, kipimo kimojawapo kimefanywa vibaya, kirudiwe. Tofauti ya volti kati ya seli ikiwa ndogo betri inapojaa lakini ikatanuka sana inapoelekea kuisha, kuna seli dhaifu, na hilo linaweza kutengenezwa bila kubadilisha betri nzima, na mtu mwenye glavu za umeme na mafunzo. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti 300. Asiziguse mtu wa kujaribujaribu.

Na kama vipimo vyote vitasema betri imekwisha kweli, ile ya kubadilishia nayo ipimwe vivyo hivyo mbele yako kabla hujatoa hela: Ah zake, na volti za seli zake. Betri nyingi za namna hiyo hutoka kwenye magari yaliyokatwa ya miaka ileile kama ya lako, na mtu anaweza kukuuzia Ah 29 akiondoka na 30 zako.